Nyuso Zilizokunywa Oili

Fundi aliyekuja kunipaulia jiko aliniuliza kama mbao azipake oili chafu. Dumu alikuwa ameshalifungua. Harufu ilinifikia kabla ya swali lake, ile harufu ya chuma kilichoungua na mafuta yaliyochoka, na nikajikuta nimesimama mlangoni nimeziba mdomo kwa kanga.

"Mama, bila hii mchwa watakula paa lote," akasema.

"Waache wale. Funga dumu lako ulitoe hapa kwangu."

Akacheka, akadhani namtania. Aliponitazama vizuri akalifunga. Kenchi zangu ziko vilevile, kavu, na mchwa wakija nitawasikia. Mimi mchwa nawasikia tangu utotoni.

Nyie wa rika langu mliokulia vijiji vya upande wa Kasekese mnaikumbuka surua iliyopita kwetu. Mnakumbuka ilivyotoka nyumba hii ikaingia ile, kama mgeni anayesalimia majirani. Kwetu ilitukuta wawili kitanda kimoja, mimi na pacha wangu. Ikamchukua Kulwa, ikaniacha mimi Doto. Ikapita kwa Mama Zeno ikamchukua Zeno, ikapita kwa Baba Mkubwa Sabas ikamchukua Pius, ikaendelea hivyo mpaka barabarani. Ilipokwisha, kwa watoto wa rika letu upande ule wa kijiji nilikuwa nimebaki peke yangu. Nilikuwa natoka nje kucheza, halafu nasimama tu.

Picha za kamera hatukuwa nazo. Mpiga picha alikuwa Mpanda mjini, na nani angesafiri na mtoto mzima mpaka mjini ili apigwe picha? Ila Mama alikuwa na mkono wa kuchora. Wanawake walimwita kila baada ya mavuno awarembee kuta kwa udongo. Kabla hajaolewa alikuwa akisaidia jikoni misheni, na sista mmoja mzee alimfundisha kuchora kwenye karatasi kwa rangi aliyoiita guashi. Mama hakuwa na guashi ya dukani. Alitengeneza yake: chokaa iliyochekechwa, udongo mwekundu wa kichuguu, masizi, buluu ya kufulia, akavisaga na kuvikoroga kwa gundi ya mgunga iliyolowekwa. Ikawa rangi nzito, haing'ai, inafunika kilicho chini yake kama udongo mpya unavyofunika ukuta wa zamani.

Matanga ya Kulwa yalipokwisha alinikalisha kwenye kigoda karibu na mlango, akachukua kipande cha katoni, akamchora Kulwa kutoka kwangu.

"Usicheke," akasema. "Kulwa alikuwa hachekicheki."

Nikajaribu kuwa Kulwa. Nilifunga midomo kama alivyokuwa akiifunga, nikaangalia kwa macho yake, na kuna wakati Mama alisimamisha mkono akanitazama mpaka nikaogopa. Aliponigeuzia katoni nilimwona Kulwa yupo mle, amenikasirikia kidogo, kama kawaida yake.

Mama Zeno alipoiona alikaa chini palepale. "Mama Kulwa, na mimi nichoree Zeno wangu."

"Zeno nitamtazamia wapi, dada?"

"Si huyu yupo? Walikuwa wanatoshana. We mpunguzie mashavu, mwongezee masikio, mimi nitakaa hapa nikuelekeze."

Yeye ndiye aliyesema. Aliyenirudisha kwenye kile kigoda ni Mama Zeno, kwa mdomo wake mwenyewe, na ndiyo maana namtaja. Baada yake wakaja wengine. Mzazi alikaa nyuma ya Mama akimwambia paji liwe pana, pua ishuke, hapana, isishuke sana, na mimi nilikaa pale nikiwa Zeno asubuhi na Pius jioni. Baba Mkubwa Sabas alivyomwona Pius kwenye katoni, alivua kofia. Nilimwona.

Nyumba nyingi zilikuwa zinavuja, na Mama alijua watu watashika picha kwa mikono ya ugali, kwa hiyo walikubaliana zikae kwetu. Jumapili baada ya ibada wazazi walikuja kuwatazama watoto wao, wakalia, wakaenda.

Kutunza zile picha ilikuwa kazi kuliko kuzichora. Rangi ile, Mama alinieleza, haishiki karatasi kama rangi ya mlango. Imelala tu juu yake. Ikipata tone la maji inaamka, hata miaka ikipita. Kwa hiyo tuliishi kwa sheria. Picha haikunjwi, ikikunjwa uso unapasuka kama tope la jaruba kiangazi. Haiguswi, kidole kinaacha mng'ao usiotoka. Hazilazwi moja juu ya nyingine hivihivi, Mama aliweka vipande vya matete kwenye pembe ili zisisuguane. Nailoni hapana, inatoa jasho. Kila moja aliivisha kipande cha shuka jeupe la pamba, kuukuu, laini, akaiingiza kwenye uchaga kule chumba cha ndani, maana jua lilikuwa linakula buluu. Miguu ya uchaga ilisimama ndani ya makopo ya majivu ili wadudu wasipande. Na siku ya kuzifungua tulifunga midomo kwa kanga, kwa sababu hata mate ya kuongea yakirukia shavu yanatoboa.

Sasa chukua mtoto ambaye juzi tu ameona pacha wake anavishwa shuka jeupe. Mwambie hawa wamelala. Mwambie maji yatawaamsha. Mwambie usiwapumulie. Nilielewa nilivyoelewa. Niliamini Kulwa na wenzake wako mle chumbani, na kwamba sisi kazi yetu ni kuwazuia wasiamke. Nikitoka mtoni kuoga nilikuwa sikanyagi mlango wa kile chumba mpaka nywele zikauke. Mvua ikianza nilikuwa wa kwanza kwenda kusikiliza.

Ndipo nikaanza kuwasikia. Ilikuwa mchana, watu wako mashambani, jua limesimama. Mchakarisho mdogo, kama mtu anakwaruza karatasi kwa ukucha, ananyamaza, anaanza tena upande mwingine. Nilikaa nje ya mlango nikijaribu kutambua Kulwa ni yupi. Siku moja nikagonga ukuta kwa kidole. Wote wakanyamaza. Halafu wakagonga na wao, kwa pamoja, harakaharaka, ndani ya ukuta.

Sikukimbia. Watu huwa wananiuliza kwa nini. Nilikuwa sijapata wa kucheza naye muda mrefu. Nikagonga tena.

Mwishowe nilimwambia Mama kwamba watoto wananijibu. Rangi ikamtoka usoni. Aliingia na kibatari, akapitisha mwanga kwenye ukuta taratibu, akauona mstari wa udongo mbichi, mnene kama mshipa, umepanda kutoka sakafuni mpaka kwenye dari na kuanza kuteremka upande wa uchaga. Akaubomoa kwa kijiti. Ndani walikuwa wanatembea weupe, wengi. Alipogonga ukuta, wenye vichwa vikubwa waligonga vichwa vyao.

"Mchwa," Mama akasema, akapumua. "Mchwa tu, mwanangu."

Sikumwamini kabisa.

Wakati ule Mama alikuwa anatakiwa kijiji cha Mamba, kwa ndugu zake, kuvuna mpunga, na lori lilikuwa limeshapatikana. Alipanga kuhamisha picha zote akirudi. Moja tu aliitoa, ya Pius. Mende walikuwa wamelamba kidevu, maana gundi ile wanaipenda kama uji. Akaiweka kwenye sanduku lake la nguo, akasema akirudi atamrudishia Pius kidevu chake. Mimi akaniacha kwa Baba Mkubwa Sabas, kaka yake Baba, nyumba ya pili. Baba mwenyewe alikuwa amefuata dhahabu machimboni na hakuna aliyekuwa anamngoja.

"Shemeji," Mama alimwambia, "mchwa wameingia chumba cha ndani. Nimebomoa njia yao, nimeongeza majivu. Picha msiziguse mpaka nirudi."

Nilikuwepo. Alisema msiziguse. Nataka ijulikane.

Sabas alikuwa na mashine ya kusaga, pekee kijijini, na mwenye mashine alikuwa anajua kila kitu. Akiongea, watu waliacha kutafuna. Mama alikuwa hata hajafika Mamba, Sabas akaingia kwetu mchana na kopo la oili chafu ya mashine na brashi ya katani. Alipaka miguu ya uchaga, akapaka ukuta. Halafu akaanza kuzivua picha mashuka yake, moja moja, anazilaza kifudifudi kwenye mkeka.

"Baba Mkubwa, Mama amekataza," nikasema.

"Amekataza nini? Wewe kwangu umewahi kuona mchwa?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Boriti, milango, mpaka kitanda ninacholalia, vyote vimekunywa hii. Mama yako muoga tu, anavifuga hivi vitu kama mayai. Napaka mgongoni, usoni sigusi. Shika hapa."

Sikushika. Akanisonya, akashika mwenyewe. Alipaka migongo yote, kwa bidii, mpaka katoni zikawa nyeusi na kung'aa, akazivisha mashuka yake, akarudisha. "Sasa waje," akasema. Alimaanisha mchwa. Mimi nilidhani anawaambia wale watoto.

Kesho yake kukwaruza kulikwisha. Niligonga ukuta, hakuna aliyejibu. Nikagonga tena. Kimya. Nilifunga mdomo kwa kanga kama nilivyofundishwa, nikafunua shuka la Kulwa.

Macho yalikuwa yameondoka. Weupe wa macho haukuwepo, palikuwa na mashimo mawili ya kahawia, yamelowa, na paji la uso lilikuwa na kivuli kinachotoka ndani kama jasho. Nikarudisha shuka. Nilirudi siku iliyofuata na iliyofuata, siwezi kuacha. Kivuli kilikuwa kinashuka. Mashavu yalikuwa yanazama. Na juu ya nyusi ya kushoto kilianza kutokea kimstari chembamba cheusi ambacho Kulwa hakuwa nacho.

Nilikuwa nacho mimi. Ninacho hadi leo, kovu la kuangukia kinu. Nilipeleka kidole usoni kwangu, nikakigusa, nikaelewa jambo moja kwa akili yangu ya kitoto: Kulwa ameamka, na anakuja kwa kupitia kwangu.

Jumapili wazazi wakaja. Mama bado yuko Mamba. Sabas ndiye aliyewafungulia, kifua mbele, akiwaambia sasa wakae kwa amani, ameshawapakia watoto wao dawa. Mama Zeno alifunga mdomo, akapokea Zeno wake, akafunua.

Aliisogeza kwenye mwanga. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Huyu nani?"

"Si Zeno wako huyo," Sabas akasema.

"Zeno hana kovu. Huyu nani?"

Wengine wakawa wanafunua zao. Masikio ya Zeno yalikuwepo kama ukungu, pua ya huyu, paji la yule, lakini chini yake, kwa mistari myeusi iliyokuwa wazi kuliko rangi yenyewe, ulikuwa uso mmoja. Kila mtu alikuwa ameshika uso uleule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama Zeno aliinua macho, akaniona, akaangalia chini, akaniona tena.

"Njoo hapa wewe. Simama." Aliiweka katoni karibu na shavu langu. Oili ilinigusa, ya baridi. "Zeno wangu umempeleka wapi?"

"Sijampeleka, Mama Zeno."

"Wamekufa wote ukabaki wewe. Nilikuwa najiuliza. Mungu wangu, nilikuwa najiuliza kila siku!"

Katekista Gervas alikuwa pale. Mtu aliyesoma Injili asubuhi ile ile. Angeweza kusema neno. Chumba kizima kilinuka oili, mikono yao ilikuwa myeusi kwa oili. Alichosema ni, "Msimshike kwa mikono." Wakasogea nyuma wote, nikabaki katikati ya mkeka.

"Ni oili," nikasema. "Baba Mkubwa alipaka oili."

Wakamgeukia. Na Sabas, kaka yake baba yangu, aliyekuwa akinilisha nyumbani kwake wiki ile, akasema, "Mimi nilipaka nyuma. Angalieni wenyewe. Mbele sikugusa hata kwa ukucha." Na ilikuwa kweli. Hakuongeza lolote. Hakunitazama.

Mama alipofika walikuwa wameshakubaliana. Walimngojea uwanjani kwa Gervas, picha zimepangwa chini. Mama aliziangalia, akapiga magoti, akagusa moja kwa kidole, yeye aliyetukataza kugusa. Akanusa kidole. Akaanza kuwaeleza, kwa utulivu, jinsi ile kazi inavyokwenda. Kwamba hawezi kuchora mtu hewani. Kwamba kwa kila mtoto yeye alianza kumchora Doto kwa mkaa, mzima mzima, kisha akamfunika kwa rangi ya chokaa na kumgeuza kuwa mtoto wao. Kwamba chokaa ikinywa mafuta inaonyesha kilicho chini yake, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. "Yule wa juu amepotea, mnayemwona ni wa chini. Ni mkaa, jamani. Ni mkaa tu."

Sijawahi kuona ukweli ukimdhuru mtu namna ile.

"Kwa hiyo umesema mwenyewe," Gervas akajibu. "Chini ya wote alikuwepo huyu."

Walizichoma palepale. Katoni zilizokunywa oili hazihitaji kuni. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, unakaa chini. Nyuso zilijikunja moja baada ya nyingine na kila uliojikunja ulikuwa wangu, na Kulwa aliungua pamoja nao, yule mmoja ambaye hakuhitaji kugeuzwa sana. Mama Zeno alinitazama muda wote kuona kama nitalia. Nadhani alitaka nipige kelele ya kuungua. Nilishika mashavu yangu tu. Yalikuwa ya moto, lakini tulikuwa karibu na moto.

Gervas alisema mtoto asionekane tena kijijini. Sabas alitoa baiskeli yake itubebee mzigo, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Hivyo ndivyo tulivyofika Mpanda, na hivyo ndivyo shule yangu ilivyokwisha, darasa la tatu, nikiwa najua kusoma kidogo na kuandika hivi mnavyoona. Mama aliuza mihogo ya kuchemsha mpaka akafa. Rangi hakushika tena. Niliwahi kumwomba anichoree Kulwa upya, nikajikalia mwenyewe kwenye kigoda. Akaniangalia, akasema, "Umekua. Hayumo tena."

Kwenye sanduku lake la nguo, hata hivyo, tulikuta tumebeba mmoja. Pius, hana kidevu, mkavu.

Juzi mtoto wa Sabas alikuja kwangu. Anaitwa Veronika, alizaliwa baada ya sisi kuondoka, hana kosa, najua. Alinisalimia vizuri, nikampa kiti.

"Dada Doto, Baba ametutoka."

"Nimesikia. Pole."

"Alivyokuwa anaumwa alikuwa anamtaja Pius. Alisema mama mdogo..." Akajirekebisha. "Alisema mama yako aliondoka naye. Tulikuwa tunaomba tumzike naye."

"Naye nani?"

"Ile picha. Tumwekee kwenye jeneza."

"Udongoni? Hata matanga hayatakwisha, mchwa watakuwa wamemaliza." Nilikuwa nacheka, sijui kwa nini. "Baba yako asingependa. Alikuwa anachukia mchwa."

Nilimpa kanga afunge mdomo. Akashangaa, akafunga. Nikafunga na mimi. Nikaishusha picha kutoka juu ya kabati, miguu ya kabati iko kwenye majivu, nikatoa vipande vya matete, nikafungua shuka. Buluu imefifia kidogo. Mengine yote yapo kama Mama alivyoyaacha.

Veronika alimtazama kaka yake ambaye hakumjua. Halafu akanitazama juu ya kanga, macho na nyusi tu, na nikamwona anaogopa.

"Dada... mbona kama wewe?"

"Sema tena."

"Samahani, dada."

"Hapana, sema. Baba yako aliacha lisemwe mbele za watu. Na wewe sema humu ndani." Akakaza fundo la kanga. Nikamwambia basi ajue kwa nini sitoi. Juu ya katoni hii yupo Pius wenu. Chini yake nipo mimi kabla sijakua. Na mimi kabla sijakua ndiye mtu pekee aliyefanana na Kulwa. Nikimtoa Pius, namzika dada yangu mara ya tatu. "Nimemtunza mtoto wa Sabas maisha yangu yote," nikasema, "na hakuna siku nimefanya kwa ajili ya Sabas."

Veronika akatoa simu. Akauliza kama anaweza basi kuipiga kwa simu, waichapishe mjini, waweke hiyo. Nikasema piga, zima taa ya simu. Nikaishika picha kifuani, naye akainua simu. Kwenye kioo kikatokea kile kisanduku kinachotafuta nyuso. Kikatangatanga, kikampata Pius, kikatulia.

"Shusha kanga, dada, nikupige na wewe. Simu haikuoni."

"Achana na mimi. Imemwona wa kumwona."

Akapiga. Akasogea aone kwa karibu, akainama juu ya kile kidevu kisichokuwepo, na macho yake yakajaa. Nikaivuta picha kabla sijafikiri, mikono ikafanya yenyewe, nikamfunika Pius kwa shuka.

"Ukilia, lia pembeni," nikamwambia. "Maji yatamwamsha."